Kesi ya Glavu za Manyoya

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa! Mchana kweupe, na mtu anayeazima birika letu.

Miwani, kijana niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu kabla hajaniacha na kupanga ofisi ghorofa ya juu yetu, ametoa gemu mpya ya simu. Inaitwa Ua Safi. Mwanamke anafagia ua, kuku wanakuja kuchafua, anawafukuza. Gemu yangu inaitwa Fagia Ua. Mwanamke anafagia ua, kuku wanakuja kuchafua, anawafukuza. Haya, nani haoni?

Nikaipakua. Nikamwacha kuku wa kwanza apite makusudi. Sauti ikatoka: "Wewe kuku, hivi unanijua mimi?" Halafu kijiko kikaanguka sakafuni.

Nikakaa chini. Ni sauti ya mke wangu. Tuliirekodi jikoni, kajifunika blanketi gubigubi na simu yangu ili mwangwi usiingie, akacheka mpaka kijiko kikamponyoka. Sikukiondoa kijiko. Mwaka uliofuata akafariki. Na sasa anafukuza kuku wa Miwani!

Shemeji, mdogo wake marehemu, ndiye anayeniendeshea ofisi. Kaniambia nipande ngazi nikaongee na mwenzangu kistaarabu. Ustaarabu! Nitamshitaki. Patachimbika.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata Wakili. Chumba chake kipo mwisho wa korido yetu. Kazi yake hasa ni kesi za mipaka ya viwanja. Kaniuliza huo ua wangu uko mtaa gani, na jirani kaingia hatua ngapi. Nikampa simu acheze. Kacheza mpaka chai yake imepoa. Kasema yule kuku wa kahawia ana dhuluma.

Halafu kanibana. Kufagia ua hakuna mwenyewe, kasema. Anataka kitu kimoja ambacho mtu hawezi kukibuni mara mbili. Nikatazama gemu yangu, nikatazama ya Miwani.

Glavu!

Mwanamke wangu anafagia juani kavaa glavu nene za manyoya, nyekundu. Mwanamke wa Miwani naye anafagia juani kavaa glavu nene za manyoya, nyekundu. Nani duniani anafagia ua na glavu za manyoya? Wakili kapiga meza kwa furaha. Nimetoka mle nimeongezeka urefu.

Mwenyewe nilizipataje zile glavu, sikumbuki vizuri. Ubunifu huwa unakuja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Kesi inataka gharama. Nimepata njia. Sanduku la bahati! Mchezaji analipia sanduku bila kujua kilichomo. Akifungua, huenda akakuta fagio la dhahabu. Huenda akakuta soksi. Nimepanga akute soksi, karibu kila mara. Makampuni makubwa yote yanafanya hivi na hakuna anayeyakamata.

Shemeji kauita wizi uliofungwa utepe. Kasema dada yake asingekubali. Nikamjibu dada yake alipenda zawadi. Kasema dada yake alipenda kujua anachonunua, nimesahau habari ya vitunguu?

Sijasahau. Alikuwa akipasua kitunguu kwa kucha pale pale sokoni, akikinusa, ndipo anatoa pesa. Muuza vitunguu akimwona kwa mbali alianza kufunika meza.

Nikasimama kwa heshima. Kisha nikaliweka sanduku.

Jumamosi, 8 Machi

Wachezaji wamenijia juu. Nyota moja. Nyota moja. Nyota moja na matusi. Mmoja ana soksi kumi na moja, zote za mguu wa kushoto. (Ya kulia nilisahau kuichora.) Mwingine kauliza mwanamke mwenye glavu na soksi juani anaumwa nini.

Katikati ya moto huo, nyota tano! Mtu kaandika kwamba sanduku linasisimua damu. Nikamwita Shemeji aje aone. Kumbe ni Wakili. Anafungua masanduku tangu juzi, anasema ni uchunguzi, na yote atayaingiza kwenye gharama zangu za kesi.

Nimepishana na Miwani kwenye ngazi. Kanipa shikamoo kama kawaida. Nikaitikia marahaba, lakini kwa ukali. Kaniomba birika. Nikamnyima! Kapanda zake mikono mitupu. Baadaye nikasikia maji yanachemka juu. Shemeji alikuwa amempa kwa mlango wa nyuma.

Jioni, Ua Safi nayo ina sanduku la bahati. Ndani yake mna soksi. Za mguu wa kushoto! Huyu mtu hata kuchungulia hachungulii, anabeba kama kilivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kaniketisha. Kaniuliza, shemeji yangu, hasa unataka nini? Nikasema haki. Kasema hiyo ya kumwambia hakimu. Yeye nimwambie ukweli.

Nikamwambia. Kila siku kabla ya kufunga ofisi namwacha kuku mmoja apite. Mmoja tu. Namsikia anavyong'aka, kijiko kinaanguka, nazima taa, naenda nyumbani. Sasa sauti hiyo ipo kwenye simu za watu wasiojua hata kwamba alikuwa akinywea chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai na kuacha kikombe kabatini. Nataka irudi kwangu. Yote.

Shemeji kainuka. Kaniletea chai. Kwenye kifuniko.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya usuluhishi, kabla kesi haijafika kwa hakimu. Chumba kidogo, meza ndefu. Msuluhishi ni mama mpole mwenye sauti ya kutuliza watoto.

Wakili kaanza vizuri. Alinunua glavu nyekundu za manyoya, akazivaa ili hoja ionekane. Ikaonekana. Akashindwa kufunua karatasi zake, jasho likimtiririka. Akauliza kwa nguvu: hizi, mheshimiwa, zimefikaje kwenye ua wa kuku, kama si kwa kumwibia mteja wangu?

Wakili wa Miwani kasema anashukuru kwa swali hilo. Kawasha simu yake. Gemu ya zamani ya kampuni moja kubwa ya ng'ambo: mzee mwenye ndevu anaondoa theluji mlangoni, mbwa wanakuja kuchafua, anawafukuza. Kavaa glavu. Za manyoya. Nyekundu.

Hapo nikakumbuka.

Nilimchora mwanamke wangu juu ya yule mzee. Theluji nikaifanya majani, mbwa nikawafanya kuku, ndevu nikazifuta. Glavu zikanipita. Wakili wa Miwani kasema mteja wake hana la kunijibu mimi, kwa kuwa mali yenyewe si yangu. Tusubiri mwenyewe aje atushitaki wote. Msuluhishi kaomba maji ya kunywa. Wakili wangu kaninong'oneza kwamba bado tunaweza kumshitaki yule mzee wa theluji kwa kututangulia.

Msuluhishi kaniuliza, kwa upole uliouma zaidi, kama ndani ya gemu hii kuna kitu chochote ambacho ni changu.

Nikasema sauti.

Ikachezwa. "Wewe kuku, hivi unanijua mimi?" Kijiko. Miwani kainamisha kichwa. Kasema alimjua kwa sauti tangu siku ya kwanza, ni mama aliyekuwa akimpakulia chakula akichelewa kazini. Alijaribu kurekodi watu wengine. Kuku hawakuonekana kuogopa. Na kuifuta, mkono uligoma. Lakini nikisema, ataiondoa leo leo.

Nimeshinda! Msuluhishi kashika kalamu. Akauliza tu, kwa ajili ya kumbukumbu, gemu ya Miwani inachezwa na watu wangapi. Miwani kasema wangejaza uwanja wa mpira, na wengine wangebaki nje. Mimi wangu wangeenea kwenye ngazi za jengo letu, na mtu wa kufagia angepita bila shida.

Nikamwona mke wangu tena, chini ya blanketi. Ananiuliza, kwani kuna mtu atanisikia? Nami nikamwambia watakusikia watu wengi mpaka utaona haya.

Nikasimama. Nikasema asiiguse! Sauti ibaki, na kijiko kibaki, na jina la mke wangu liandikwe mwanzo wa gemu, kwa herufi kubwa, kabla ya kuku yeyote. Wakili kanivuta koti kwa glavu. Sikukaa. Nikasema jina lake, taratibu, wakaliandika.

Kwenye ngazi Wakili kauliza, sasa hapa ameshinda nani?

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji kafungua Ua Safi. Jina la dada yake likatokea, likajaza kioo. Kaliangalia mpaka simu ikajizima. Kaiwasha tena. Halafu kaniambia, shemeji, sasa yametosha. Masanduku basi. Kesi basi. Nibuni kitu changu mwenyewe. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilimaanisha, karibu mpaka chakula cha mchana.

Ile kampuni ya ng'ambo imetoa gemu mpya! Mzee anaosha vyombo, paka wanakuja kulamba sahani. Tamu sana. Yangu itakuwa tofauti kabisa: mwanamke anaanika nguo, mbuzi wanakuja kuzitafuna. Safari hii glavu nimezifuta kabla ya kitu kingine chochote. Mtu hanipati mara mbili.

Shemeji kapita nyuma yangu, kauliza mbona mbuzi wana masharubu ya paka. Ubunifu, nikamwambia. Kaondoka akiongea peke yake.

Na kuna hazina. Nimeisikiliza ile rekodi ya jikoni hadi mwisho, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Baada ya kijiko kuna kicheko, halafu yeye, karibu kabisa na simu: "Mume wangu, acha huo upuuzi." Safi, haina mwangwi!

Nimeiweka kwenye kitufe cha kununua sanduku la bahati. Miwani kaja kuazima birika, nikafunika kioo kwa mikono miwili, nikamwambia alichukue mwenyewe. Ajaribu kuiba hii, aone kesi.

Kitufe nimekijaribu mchana kutwa. Kinafanya kazi vizuri kabisa. Kila nikibonyeza ananiambia.