Posa ya Nasriya na Mfalme wa Ufaransa

Jumamosi, 5 Desemba 1970. Matrah, Omani.

Balaa! Aflah amepeleka posa kwa Nasriya. Aflah! Huyo aliyerudi juzi kutoka Kuwait na Land Rover na miwani ya jua, na miwani haivui hata akiwa ndani ya nyumba. Mzee Mahfoudh, baba yake Nasriya, amesema jibu atalitoa Ijumaa baada ya sala. Nami namtaka Nasriya tangu siku niliyomwona akishuka kwenye ndege, cherehani kaikumbatia kifuani. Miezi miwili najiandaa kusema. Bado najiandaa.

Nimejiliwaza kwa daftari langu. Tangu nilipoacha kufundisha historia Unguja nikaja hapa kufanya kazi ya ofisi, nayaandika upya mambo ya wafalme wa Ulaya, yaende yalivyopaswa kwenda. Nimefika mwaka 1152. Mfalme wa Ufaransa anamwacha Malkia Eleanor kwa kisingizio kwamba ni jamaa yake wa damu. Mpumbavu! Wiki nane tu, bibi kaolewa na Henry, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, na karibu nusu ya Ufaransa imeondoka naye. Katika daftari langu maaskofu nimewaziba midomo. Hakuna aliyetaja ujamaa. Eleanor kabaki kwa mumewe, Henry kabaki kwao na mvua yake, wala hakuna vita vya miaka mia. Nilifurahi mpaka nikamsahau Aflah kwa muda wa kikombe kizima cha chai.

Jumapili, 6 Desemba.

Nimepata! Ikiwa ujamaa ulivunja ndoa ya mfalme, utashindwaje na posa ya Aflah? Sisi hatuna maaskofu, lakini tuna maziwa. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Na kule kwetu Unguja, mama akiugua, mtoto hupelekwa kwa jirani akanyonyeshwa. Anayekumbuka nani alimnyonyesha nani ni mmoja tu: Bi Masouda, mkunga aliyetupokea duniani nusu ya mtaa. Sasa anakaa hapa hapa Matrah, nyuma ya soko.

Najua, jana tu nilimwita mfalme mpumbavu. Lakini yeye alikuwa anaacha. Mimi naoa. Ni mambo mawili tofauti.

Jumatatu, 7 Desemba.

Nimekwenda kwa Bi Masouda na bakuli la halwa. Halwa kala nusu, kahawa kanywa finjani saba. Nikamuuliza kama ni kweli Nasriya alinyonyeshwa nje. Akasema kweli kabisa, mama yake alishikwa na homa ya uzazi, maskini. Niliruka! Bibi alitaka kuendelea, hata mkono kanishika, lakini nilichokitaka nilikuwa nimeshakipata. Kofia niliivalia njiani.

Jumanne, 8 Desemba.

Nimemwendea Mzee Mahfoudh na uso mrefu. Nikamwambia kwamba mtu mwenye kumwogopa Mungu hawezi kunyamaza. Kwamba Nasriya alinyonyeshwa nje, na mwanamke huyo huyo labda alimnyonyesha na Aflah. Nilisema labda, nisije nikawa mwongo. Mzee tasbihi ilimwanguka. Akasema ni kweli mtoto alinyonyeshwa, lakini yeye wakati huo alikuwa Pemba kwenye mavuno ya karafuu, na marehemu mkewe hakuwahi kumtajia mnyonyeshaji. Jibu la posa amelizuia. Keshokutwa baada ya alasiri anawaita akina Aflah na Bi Masouda, jambo lijulikane mbele ya watu.

Kisha akanishukuru! Kanipa na nguru mzima aliyeletwa kutoka Qurayyat. Nimemla kwa raha.

Jumatano, 9 Desemba.

Nimemwona Aflah kwenye Land Rover yake, uso umemshuka, miwani hana. Nilimwonea huruma kutoka mlango wa soko mpaka msikitini. Baada ya hapo nilikwenda kuchukua dishdasha yangu mpya, kanzu ya huku, kwa fundi.

Alhamisi, 10 Desemba.

Nife!

Watu walijaa. Mama yake Aflah alisema mwanawe kazaliwa Qurayyat, si Unguja, na kamnyonyesha mwenyewe, mpaka akaota meno akaanza kumng'ata. Basi, hilo likaisha. Mzee Mahfoudh akamgeukia Bi Masouda: Nasriya alinyonya kwa nani?

“Kwa marehemu Bakhita,” akasema akininyooshea kidole, “mama yake huyu Ghanim! Nlitaka kumwambia juzi, kashatoka mbio.”

Nikauliza, huenda lilikuwa tone moja, mawili? Akasema miezi miwili, asubuhi na jioni, akiwa na ndugu yangu mdogo upande wa pili. Na mimi, wa miaka minne, nililia siku nzima nikitaka yule mtoto arudishwe kwao.

Mzee Mahfoudh akanikumbatia akilia. Binti yake hakuwa na kaka, leo Mungu kampa. Aflah akanibusu kwenye paji la uso akaniita shemeji. Miwani akaivaa palepale. Jibu wala halikungoja Ijumaa.

Kisha Nasriya akaitwa. Akaja kichwa wazi, maana mimi ni nduguye. Ana kidoti kidogo kidevuni, nilikuwa sijui. Akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, kwani kanywa maziwa yake na hata sauti yake haijui. Nikamwambia alikuwa akiimba akipepeta mchele, na sauti hakuwa nayo. Akacheka, halafu akalia. Nami nikalia. Wote wakadhani ni furaha. Iliniuma. Iliniuma kwelikweli, na jambo hili naliandika mara moja tu.

Jumapili, 13 Desemba.

Nimeanza kazi ya ukaka. Leo nimemsindikiza Nasriya sokoni kuchagua vitambaa vya harusi, nami ndiye mbebaji. Tulifuatana na Rahila, dada yake Aflah. Njiani Rahila aliniuliza habari za daftari langu, nikampa Eleanor mwanzo hadi mwisho. Akasema mfalme wa Ufaransa hakuwa na akili hata kidogo. Mwanamke gani huyu!

Nimewaza mpaka chai imepoa. Kaka wa bibi harusi akimwoa dada wa bwana harusi, nyumba mbili zinafungwa mara mbili. Uingereza na Ufaransa wangefanya hivi mapema, nisingekuwa na la kuandika.

Kipo kikwazo kimoja. Rahila kaposwa na Suud, mkuu wangu wa ofisi, na jibu ni wiki ijayo. Safari hii habari za maziwa sizigusi. Nitasema tu kwamba ana mke Bombay. Labda. Suud ni mtu mpole, hajapata kuninyima kitu. Kesho asubuhi nitamwomba ruhusa ya nusu siku, niende kwa baba yake Rahila.