Maalim Koricha Ameniharibia Uadui Wangu

Garissa,
Novemba 1949

Kwa Bwana Ahmednoor,
Mwenyekiti wa Klabu ya Sataranji.

Bwana Mwenyekiti mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ngozi zako ghalani zimekauka bila kunyeshewa. Ni mimi Hirsi, mwenye duka la nguo na sukari mkabala nawe. Najua tunaonana kila asubuhi na ningeweza kukueleza shida yangu kwa mdomo. Lakini nilikuwa mkalimani wa serikali miaka mingi, na huko niliona kwamba mtu akilalamika kwa mdomo hupewa chai na kuambiwa aende nyumbani. Kwa hiyo naandika.

Nakuomba, kwa heshima zote, ulifunge darasa la watoto wanaoanza sataranji, lile linalofundishwa na Maalim Koricha kwenye baraza ya ghala lako. Sina ugomvi na Koricha mwenyewe. Ni Mborana mpole. Alikwenda vitani Burma, na wenzake waliporudi na saa za mkono, yeye alirudi na mchezo huu aliofundishwa na askari wa Kihindi. Vipande vyote kavichonga kwa mkono wake. Binti yangu Hinda nilimpeleka kwake kwa hiari yangu, kwa sababu alikuwa akikaa dukani na kuwauliza wateja maswali wasiyoyapenda. Nilidhani atanyamaza. Yaliyonipata ni haya:

1. Ngamia. Kile kipande chenye kichwa kilichopasuka, ambacho Wazungu wanakiita askofu, Koricha aliona watoto hawamjui askofu ni nani, akakiita ngamia. Hapo sina neno. Lakini anawafundisha kwamba ngamia huenda mshazari, kutoka pembe hadi pembe, wala hageuki mpaka akutane na kitu. Bwana Mwenyekiti, nimefuga ngamia tangu nilipoota meno. Ngamia huenda anakotaka. Basi nikamtuma Hinda arudishe ngamia wangu wa maji kutoka mtoni, naye akamkatisha soko zima mshazari, katikati ya akina mama wanaouza maziwa. Maneno niliyoambiwa na wale akina mama siwezi kuyatia katika barua ya heshima. Nilipomuuliza mtoto, alinijibu, "Aabo, yeye ni wa weupe. Hawezi kukanyaga weusi." Alikuwa na maana ya vyumba vya kwenye bodi.

2. Kugusa. Sheria ya Koricha ni kwamba kipande ukikigusa, lazima ukicheze. Ni sheria nzuri kwenye bodi. Hinda ameileta dukani. Mteja akishika kitambaa tu aone uzito wake, mtoto anasimama mbele yake na kusema, "Mama, umegusa." Wengine wamenunua kwa aibu. Wengi hawarudi. Siku hizi wateja wangu huingia mikono ikiwa nyuma ya mgongo kama askari wanaokaguliwa, na bidhaa wananionyesha kwa kidevu.

3. Malkia. Hili nitalieleza kwa kifupi kwa sababu mke wangu Kaaha anaweza kuisoma barua hii. Tulikuwa tunakula. Hinda akauliza mbona mfalme anasogea hatua moja moja na kulindwa na kila mtu, na malkia ndiye anayefanya kazi yote. Mama yake alicheka mpaka akaweka chini bakuli. Kesho yake alijifunga shashi yake mpya kichwani akaenda kumtembelea kaka yake Salat, ng'ambo ya pili ya mji, bila kuniuliza. Nilipomwambia kwamba anajua vizuri mimi na kaka yake hatusemezani, alinijibu, "Wewe ndiye usiyesemezana naye. Kaa hapo ulindwe."

4. Shemeji yangu Salat. Hapa ndipo penye kiini cha lalamiko langu, na nakuomba usome polepole.

Unajua, na Garissa nzima inajua, kwamba mimi na Salat tulikuwa maadui. Nilimwazima ngamia jike ahamishe nyumba yake, akamrudisha anachechemea, akasema nilimpa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hatukupeana salamu. Kwenye msiba tulikaa pande mbili. Ulikuwa uadui uliotunzwa vizuri, bila matusi na bila kwenda barazani kwa wazee. Watoto wetu waliurithi bila kuuliza.

Sasa Koricha, ambaye hakuwauliza wazazi, akampanga Hinda acheze na Mursal mtoto wa Salat. Akatuita wazazi wote tuje kuwaangalia. Nilikuja, nikakaa upande wa kushoto. Salat akaja, akakaa kulia. Watoto wakapeana mikono, wakaanza.

Mimi mchezo huu siujui. Lakini mtu akimwona mtoto wake anauma mdomo hivyo, moyo hauwezi kutulia. Nikaona farasi wa Mursal amekaa karibu na malkia wa binti yangu, naye hajaona. Nikakohoa. Salat akasema kwa sauti, huku akiangalia paa, "Wako watu wanaokohoa kwa makusudi." Nikasema, nami nikiangalia paa, "Wako watu ambao hata ngamia wa kuazima hawawezi kumwongoza." Koricha akainuka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile. Akatuambia, "Wazee, tokeni nje! Nyote wawili! Watoto wanafikiri hapa."

Tukatolewa nje, Bwana Mwenyekiti, mimi mkalimani wa zamani na yeye mwenye mifugo mingi, mbele ya watoto wanaoanza. Jua lilikuwa kali, na kivuli kilikuwa kimoja tu, cha ukuta wako. Mkeka nao ulikuwa mmoja. Tukakaa kila mtu ukingoni. Salat akasema, "Binti yako hakumwona yule farasi." Nikasema, "Kweli, hakumwona." Akasema, "Wangu naye ana haraka. Ananitia wasiwasi." Nikamwambia wangu pia. Ndivyo ilivyoanza, na mimi sikuwa nimejiandaa.

Hinda alishindwa. Alitoka na macho yamejaa machozi, lakini alimnyooshea Mursal mkono kama alivyofundishwa, na Mursal akaushika kwa adabu. Koricha akatuangalia sisi. Nikanyoosha mkono wangu, nikitegemea kuurudisha upesi. Salat akaushika. Bwana Mwenyekiti, mkono ule umekonda. Mara ya mwisho nilipoujua ulikuwa mkono wa mtu anayepakia ngamia peke yake. Nilishindwa kuuachia, naye pia hakuuachia, na hapo tukasimama kama wajinga mpaka watoto wakaanza kutucheka.

Jioni ile tulimzungumzia yule ngamia. Mimi nilisema alichechemea mguu wa mbele. Salat, ambaye siku zote alikana kwamba alichechemea, alisema, "La, ulikuwa wa nyuma." Tukabishana mpaka Kaaha akatuletea chai mara ya pili.

5. Hasara yangu. Sasa Salat yuko dukani kwangu kila siku. Anakalia magunia yangu ya sukari. Anawasalimia wateja wangu kabla yangu. Zamani maziwa yakichacha nilijua nimlaumu nani, na mvua ikipita upande wa malisho yake peke yake nilikuwa na la kusema mpaka usiku. Leo mvua ikinyesha kwake nalazimika kufurahi. Mtu wa umri wangu hawezi kuanza kumtafuta adui mpya. Vijana hawana subira ya uadui, na wazee wenzangu wote wameshachukuliwa.

Kwa hiyo naomba darasa lifungwe, na Maalim Koricha apelekwe Mandera au Eldas, ambako naamini bado kuna maadui wa kutosha. Kama hilo haliwezekani, basi klabu yako inipatie adui mwingine mwenye heshima kama ya Salat, asikae mbali na duka.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, mama yako mzazi hasa, na wale vijana wanaokunja ngozi. Kaaha anakusalimu. Hinda anakusalimu na anauliza kwa nini baraza yako ina nguzo zisizolingana.

Ni mimi ninayekuheshimu na kuudhika,
Hirsi, mkalimani mstaafu.

N.B. Salat ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema ni ya haki, isipokuwa ulikuwa mguu wa nyuma. Tafadhali usichukue hatua yoyote kabla ya kuniuliza. Kuna bodi moja pale barazani kwako, mwishoni kabisa, tumeifunika sufuria ili mbuzi wasiiangushe. Waambie wanaofagia wasiiguse. Koricha ametukubali katika darasa la wanaoanza, tunakaa nyuma ya watoto, na mchezo wetu wa kwanza haujaisha. Salat anadhani ananishinda. Hajamwona farasi wangu.