Kuwahi Kivuli cha Maegesho

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefungua jalada. SAFARI/BINTI/1. Miaka ishirini na sita ya kazi masjala imenifundisha kwamba jambo lisilo na jalada halijaanza. Jumamosi saa mbili asubuhi, mimi na mke wangu tunapanda ndege. Saa kumi na tatu angani! Jumatatu ijayo binti yetu anahitimu udaktari. Hatujamwona miaka sita. Ndege nyingine ya kwenda huko ni Jumanne, kwa hiyo tukiikosa ya Jumamosi, mahafali tutayaona kwenye picha.

Kutoka kwetu hadi uwanja wa ndege ni mwendo wa saa mbili na nusu. Nimepata hoteli jirani na uwanja. Ukilala kwao usiku mmoja, gari lako linakaa siku kumi na nne bure. Na sisi tunaondoka Ijumaa hii, tunarudi Ijumaa ya tarehe 21, siku kumi na nne kamili. Nani kama mimi?

Jioni shemeji alipita. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi magari. Akasema atatupeleka mwenyewe, na gari litabaki gereji kwake. Nikakataa kwa adabu zote. Mwaka juzi aliniazima jeki. Jeki tu! Ameshaisimulia kwenye harusi mbili, moja kwa kipaza sauti. Alipoona nimekataa, akasema jua la kule litanibambulia rangi ya gari. Rangi mpya! Wivu huo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeaga kazini kwamba naumwa jino. Nimekwenda kuikagua hoteli.

Shemeji, kwa bahati mbaya, hakukosea. Maegesho ni ya magari arobaini, paa la mabati limefunika manane tu. Nafasi saba zilikwisha kujaa. Nafasi ya nane ilikuwa wazi, kando ya bwawa la kuogelea. Nikamwuliza dada wa mapokezi kama wanaweza kunishikia hadi Ijumaa. Akasema kivuli hakishikwi, ni cha anayewahi.

Basi nikawahi! Nikaliegesha palepale, leo, siku tatu kabla. Mlinzi akasoma karatasi yangu ya chumba, akaandika namba ya gari na tarehe kwenye daftari. Nikampongeza kwa umakini wake. Pasipoti na tiketi, ambazo nilikuwa nazo mkobani, nimezifungia kwenye droo ya dashibodi, ili mtu fulani asije akazisahau nyumbani. Mtu mwenyewe ni mke wangu.

Nimerudi kwa mabasi matatu, na kipande kwa miguu. Soli ya kiatu cha kushoto imebanduka. Mke wangu akauliza gari liko wapi. Nikisema kweli atampigia kaka yake, na itakuwa jeki ya pili. Nikasema liko gereji.

Gereji! Kwa nini nimesema gereji?

Jumatano, 5 Machi

Shemeji alifika kabla sijanywa chai. Hakukaa. Akauliza gari liko gereji gani. Nikasema kwa mtaalamu. Akauliza mtaalamu wa nini. Nikasema wa gia. Akasema gari lile amelilea kwa mikono yake miaka kumi na tano, gia zake anazijua kuliko anavyojua wanawe, na kama amenikosea ningemwambia usoni. Niliona haya, nakiri. Kidogo.

Kufika jioni alikuwa amezunguka gereji kumi na moja kulitafuta. Imebidi niseme mtaalamu yuko nje ya mji. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu inarefuka vizuri tu.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nusura niumbuke. Mke wangu alichukua suruali yangu aifue, ufunguo wa gari ukalia mfukoni. Gari likiwa gereji, ufunguo huwa kwa fundi, na dada wa fundi analijua hilo. Nikakohoa kwa nguvu, nikaikumbatia suruali, nikasema nataka kuivaa hivyohivyo. Kufika kazini nikauingiza ufunguo ndani ya SAFARI/BINTI/1, nikalifungia jalada kwenye kabati la chuma. Hapo hata mkurugenzi hafiki.

Usiku mke wangu akauliza pasipoti ziko wapi. Nikasema mahali salama. Si uongo!

Akauliza pia tutafikaje hotelini. Hilo sikuwa nimelipangia. Kumbe yeye amelipanga. Kaka yake atatupeleka, kanuna lakini kakubali. Nimeruka majivu, nimekanyaga moto.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimekaa kitandani hotelini.

Njiani shemeji alifungulia redio kwa sauti ya juu saa mbili na nusu nzima. Kufika langoni nikamwambia atushushe hapohapo, asijisumbue kuingia. Akasema dada yake habebi masanduku wakati yeye yupo. Akaingia. Akazunguka bwawa. Akaliona.

Alishuka taratibu. Akalizunguka gari mara mbili, akapitisha kidole kwenye boneti. Halafu akasema kumbe mtaalamu wa gia ana gereji nzuri, hadi wateja wake wanaogelea.

Mke wangu akakaa juu ya sanduku. Nikaona bora niseme yote, nikasema yote: kivuli, jino, mabasi. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza jambo moja tu. Pasipoti ziko wapi? Nikanyoosha kidole kwa fahari kwenye dashibodi. Zilikuwa zinaonekana kabisa, pembe moja imechomoza nje ya droo.

Akasema nifungue.

Nikaingiza mkono mfukoni.

Ufunguo uko kabatini. Kabati liko masjala. Masjala imefungwa hadi Jumatatu, siku ambayo mwanangu anapanda jukwaani. Mke wangu hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema tu kwamba mtoto ameshatuwekea viti. Kisha akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, mbele ya wageni na waogeleaji wote.

Shemeji akaenda kwenye gari lake, akarudi na waya. Sikuwa nimemaliza kufuta machozi, mlango ukafunguka. King'ora kikalia. Mlinzi akaja mbio na rungu, akitaka kumkamata mwizi, na shemeji akamwelekeza kwangu. Lakini pasipoti zikawa mkononi mwa mke wangu, na tangu saa ile hajaziachia.

Nikamwambia asante, shemeji. Ni mara ya kwanza katika miaka thelathini. Akasema tutaongea nikirudi, akaondoka na gari lake. Nimejifunza. Naandika kwa wino: sifanyi tena ujanja. Kamwe!

Jumatatu, 10 Machi

Tumemwona. Safu ya pili, viti vya katikati. Alipotajwa jina, mke wangu alipiga kigelegele hadi mkuu wa chuo akavua miwani. Mimi nililia tena, ila safari hii bila aibu. Binti ameniuliza safari ilikuwaje. Nikasema ilipangwa vizuri sana. Mama yake akakohoa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeshtuka usingizini. Mlinzi! Daftari! Aliandika tarehe nne, si tarehe saba. Siku zangu kumi na nne zinaisha Jumanne, na tunarudi Ijumaa. Siku tatu za kulipia maegesho, baada ya yote haya!

Nimekaa chooni nikawaza hadi kulipokucha. Kila mgeni anayelala usiku mmoja anapata siku kumi na nne, sivyo? Basi nimemkatia shemeji chumba, usiku wa Jumanne ijayo, na nimeandika namba ya gari langu kwenye nafasi yake ya maegesho. Mke wangu nimemwambia ni zawadi ya shukrani. Amenishika mkono, akasema kumbe mtu hubadilika hata uzeeni. Machozi yalinilenga.

Chumba kimezidi ada ya zile siku tatu, karibu mara nne. Nimepiga hesabu baada ya kulipa. Hiyo si hoja. Hoja ni kwamba maegesho ni bure.

Shemeji amejibu sasa hivi. Amefurahi mno, hajawahi kulala hotelini, na hadithi nzima ataitoa kwenye harusi ya mwezi ujao, kipaza sauti ameshakiomba. Atakwenda na gari lake, kwa hiyo anauliza kama kule kuna kivuli.

Nimemshauri alipeleke tangu Jumapili.