Taa ya Breki ya Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nimemwambia hata mimi nimechoka nao. Hakucheka. Basi nimeamua kuandika kweli tupu humu, nisije nikaenda kaburini na mizigo.

Habari mbaya zaidi: taa ya breki ya kushoto imekufa. Binti yangu, nesi, alikuwa nyuma yetu na gari lake akaona. Amesema isipowaka kufikia Jumamosi, gari linauzwa kwa mwoka mikate. Eti kwa usalama wangu. Na Jumapili nani atampeleka mama yake ukingoni mwa mto? Miaka yote tumekaa pale garini, vioo tumeshusha, tukiwasengenya wapita njia. Jumapili nilizobakiza si nyingi. Sitazimalizia sebuleni!

Fundi simwiti. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja. Balbu ni balbu.

Jumatano, 5 Machi

Nimenunua balbu, nimeipachika mwenyewe. Iligoma kidogo kuingia. Nikailazimisha. Mwanafunzi mkaidi husukumwa.

Tatizo: anayekanyaga breki haoni taa, na anayeona taa hakanyagi breki. Kumwita mke wangu ni kutangaza mtaa mzima. Nikapata wazo! Nikaubana mkongojo kati ya pedali na kiti, nikaenda nyuma nikijishikiza kwenye gari. Kulia inawaka. Kushoto, wekundu hafifu, kama kaa linalokata roho.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mkongojo uko mbele, nami niko nyuma, pumzi zimeniishia.

Nikalikumbatia buti dakika arobaini. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme mstaafu, anayekaa nyumba ya pili, akachungulia juu ya ukuta. Akauliza kama dada yake ana habari za mapenzi haya. Nikamjibu ni mazoezi niliyoagizwa na daktari. Akasema basi nisilibane sana, nalo limezeeka. Hana adabu!

Mke wangu ndiye aliyekuja kuniopoa. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Mkongojo ulibaki palepale mpaka asubuhi, taa za breki zikiwaka. Betri imekwisha kabisa. Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja, nimeliongezea wa pili. Mimi usiku nilitembelea ufagio.

Mke wangu anasema nimwite kaka yake. Siwezi! Sababu naiandika hapa kwa mara ya kwanza. Miaka thelathini na minane iliyopita, gari letu la kwanza liliungua nyaya. Niliuambia ukoo mzima kwamba ni shemeji aliyeziunganisha vibaya. Hakuzigusa. Ni mimi. Aliapa hatagusa tena gari langu. Mama mkwe, hadi anafariki, alimwita mwanawe Mchoma Magari. Nami nilikuwa nikicheka pamoja nao.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Hatua sitini na mbili, mapumziko matatu. Nilitayarisha hotuba yenye utangulizi. Nilipofika nikasema tu kwamba lile gari nililichoma mimi.

Akaendelea kumenya chungwa. "Mwalimu, nyaya ulizifunga kwa plasta ya vidonda. Fundi gani anafanya hivyo?"

Amejua tangu siku ileile! Na anasema dada yake naye anajua!

Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema kwanza ndoa yetu ilikuwa na miezi mitatu, mama angesikia angemrudisha binti yake nyumbani. Pili, tangu aitwe Mchoma Magari, hakuna ndugu aliyewahi kumwamsha siku ya mapumziko kusukuma gari. Nikalia kidogo. Akanipa nusu ya chungwa, akasema nisililie, lina maji ya kutosha.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja na chaja ya betri na maneno mengi. Balbu niliipachika kinyume, ndiyo maana iligoma. Kaigeuza kwa sekunde mbili. Nikakaa kwenye usukani, yeye nyuma. Akapiga kelele, "Imewaka!" Kanyaga. Achia. Kanyaga. Tumerudia mara ishirini, wazee wawili wenye wajukuu.

Binti amekagua, akauliza maswali kama polisi. Gari haliuzwi! Masharti: mchana tu, mtoni tu, na nisiguse waya wowote maisha yangu yote. Nimeapa. Maisha yenyewe ni mafupi, kiapo si kizito.

Jumapili, 9 Machi

Mtoni. Vioo chini. Mke wangu kanishika mkono, akasema miaka yote hii alikuwa akisubiri niseme mwenyewe. Moyo umepiga vizuri kuliko mwaka mzima. Daktari hajui kitu. Nimepanga Jumapili ijayo, na ile nyingine.

Mke wangu amesinzia. Raha tupu, ila redio inakoroma. Bila shaka ni waya mmoja tu, pale chini ya usukani. Ninacho kisu cha matunda.

Saa tano na dakika kumi. Redio haikoromi tena. Haisemi chochote. Wala honi.

Nikiulizwa, nitasema panya.