Chumba Kikubwa kwa Watu Wadogo

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi amehamia kwangu. Nyumba yake ya nyuma ya soko kuukuu imebomolewa pamoja na mtaa mzima, ili katikati ya mji pafufuke. Mji unafufuka, mimi nakufa. Amechukua chumba changu cha kuchorea. Juu ya meza ya michoro sasa kuna cherehani. Mimi nachorea jikoni, ubavuni mwa sufuria.

Nilimuuliza, kwa adabu zote, atakaa nasi mpaka lini. Akasema mpaka ghorofa mpya zikamilike, na kwa kuwa mchoraji ni mimi, jibu ninalo mwenyewe. Mke wangu alicheka mpaka akapaliwa.

Hata hivyo mambo si mabaya. Mkuu wa ofisi ametangaza kwamba michoro miwili itapelekwa kwa wakazi waliobomolewa nyumba, wachague wenyewe. Atakayechaguliwa ndiye msanifu mkuu wa mradi mzima. Mchoro mmoja ni wangu. Wa pili ni wa Bwana Rula, tunayemwita hivyo kwa sababu hatembei bila rula, hata msalani. Mtu mkavu! Jengo lake halina ukumbi wa mapokezi. La kwangu lina ukumbi mpana wenye chemchemi, na ukutani nimeacha nafasi ya kibao chenye jina langu. Ni ustaarabu tu.

Na mwenyekiti wa kamati ya wakazi ni nani? Shangazi. Ushindi uko mfukoni.

Jumanne, 4 Machi

Ushindi umetoka mfukoni. Wakati wa chai nilimdokeza Shangazi kwamba damu ni damu. Akaweka kikombe chini. Akasema yeye anatafuta mahali pa kuweka kitanda chake, hatafuti mahali pa kumweka mtoto wa kaka yake. Hana dogo, mwanamke huyu.

Ofisini nimemaliza modeli ya kadibodi. Inapendeza, ila vyumba vimebanwa. Ghorofa sita, familia zote za mtaa, halafu ukumbi wangu umekula nafasi. Bwana Rula alipita, akachungulia, akauliza kwa upole kama mtu ataweza kuinama humo akafunga kamba za viatu. Nikajikaza kisabuni.

Baadaye, nikitafuta gundi, nikaona kwenye droo vijitu vya plastiki vilivyobaki kwenye modeli ya uwanja wa mpira. Vidogo mno kwa jengo langu. Nikajaribu kimoja sebuleni. Lo! Sebule ikawa kama uwanja wa ndege. Nikavijaza jengo zima.

Sijadanganya mtu. Sijaandika popote kwamba hao ni watu wazima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda!

Bwana Rula alianza. Vijitu vyake vilikuwa vya kipimo halisi, basi vyumba vyake vilionekana vya kawaida tu. Akaeleza habari za upepo na kivuli kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Wakazi wakapiga miayo.

Kisha mimi. Nilieleza madirisha yanayotazamana ili upepo upite bila mashine, tangi la maji ya mvua juu ya paa, na matofali ya nyumba zao za zamani yatakayojengewa ngazi. Hayo ni kweli na nimeyachora vizuri, nani anabisha? Lakini macho yao yalikuwa kwa vijitu. Mwoka mikate, jitu la miraba minne, aliuliza kama sebule hiyo itatosha wageni. Nikamwambia alete ukoo.

Mikono ikanyooshwa. Wa Shangazi ulikuwa wa kwanza. Nilimsikia akimnong'oneza jirani kwamba huyo ni mtoto wa kaka yake, na kwamba cherehani yake itakaa pale, chini ya dirisha, karibu na yule mtu mdogo. Nilifurahi kweli. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Mkuu wa ofisi amesema kabla ya kuchimba msingi tutajenga chumba kimoja cha mfano kwenye uwanja wa ghala la zamani, kwa ukubwa wake halisi. Jumatano wakazi wataingia wakione.

Nikauliza kama hatuwezi kukijenga nusu ya ukubwa, kwa ajili ya kubana matumizi. Akacheka sana akidhani namtania. Nami nikacheka. Nilicheka kupita kiasi, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mbao zimesimamishwa. Nikaingia chumbani, nikawa nimeshafika mwisho.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikwenda kwa seremala. Nikaagiza kitanda, meza, kabati na viti, vyote vikatwe vifupi kuliko kawaida. Samani zikipungua, chumba kinapanuka. Ndiyo usanifu huo. Seremala akauliza kama ni vya watoto. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni wengi. Nikasema mtaa mzima. Akasema Mungu awakuze.

Jioni Shangazi aliniuliza chumba kinaendeleaje. Nikamwambia kinazidi kukua.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwanzo mambo yalikwenda sawasawa. Nilipanga foleni mwenyewe: wembamba mbele. Mwoka mikate nilimwomba abaki nje anisaidie kuangalia kama madirisha yamenyooka. Kuta nyeupe, samani zimepangwa, upepo unapita vizuri. Watu wakaguna kwa kuridhika. Bwana Rula alisimama pembeni kama mwiko uliosahauliwa.

Ndipo Shangazi akasema miguu inamuuma, ngoja ajinyooshe. Nikamwahi, nikamwambia rangi ya kitanda haijakauka. Akaigusa. Imekauka. Akalala.

Ukoo wetu ni wa watu warefu. Miguu ikaning'inia nje kuanzia magotini. Shangazi akatazama dari kwa utulivu, kisha akauliza kitanda hiki kimetengenezewa nani. Seremala, aliyekuja kusikia kazi yake ikisifiwa, akajibu kwa fahari kwamba ni cha watoto, kama nilivyoagiza.

Jamani! Hapo kila mtu akataka kujaribu kitu. Mwoka mikate aliingia bila kuitwa, akakaa kitini, magoti yakafika masikioni. Alipoinuka, kiti kikainuka naye. Bwana Rula akatoa rula. Akapima kitanda, akapima kabati, akaenda zake ofisini, akarudi na modeli yangu na kijitu kimoja mkononi. Akakisimamisha kijitu kando ya rula, wakazi wote wakaona. Afadhali angenitukana.

Wakazi walipiga kelele, hiyo ni haki yao. Shangazi hakupiga kelele. Alivaa viatu vyake, akasema aliunyoosha mkono wake kwa ajili ya chumba kile, na majirani walimwona. Basi. Akatoka.

Niliona haya. Nilitamani ardhi ipasuke, ingawa kwa vipimo vya chumba kile nisingepata hata pa kudidimia.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao. Bwana Rula ndiye msanifu mkuu. Madirisha yangu, tangi langu na matofali yangu yamebaki. Amesema mwenyewe mbele za watu kwamba ni kazi nzuri, jambo lililoniuma zaidi. Ukumbi umefutwa, chemchemi imefutwa, nafasi yake imegawiwa vyumba. Sasa kitanda cha mtu mzima kinaingia, na cherehani pia. Kibao hakikutajwa, nami sikukumbusha.

Mkuu wa ofisi alitaka kuniondoa kabisa. Shangazi akasimama. Akasema mtoto wa kaka yake kichwa anacho, tatizo lake ni pupa ya kusifiwa. Nipewe bustani ya mboga ya juu ya paa, kwa kuwa mmea haufupishwi. Mwoka mikate akauliza nikiwadanganya tena itakuwaje. Shangazi akasema nikirudia, chumba chake kwenye jengo jipya apewe mtu mwingine.

Chumba chake! Mwanamke asiye na nyumba nyingine! Machozi yalinitoka. Nikasingizia vumbi la mbao.

Jumamosi, 15 Machi

Mimi ni mtu mpya.

Nimetengeneza kitalu cha mfano juu ya paa la ghala, kinachonyweshwa maji ya mvua. Jumatatu kamati inakuja kuona kama kweli chakula kinaota juu ya nyumba. Nimepanda nyanya. Tatizo ni kwamba miche ni michanga. Ina majani manne manne na imeinama kama inaomba radhi. Nilimuuliza Bwana Rula itazaa lini. Akasema baada ya miezi kadhaa, na kwamba wakazi waambiwe hivyo hivyo, wataelewa.

Wataelewa! Hawajui watu huyu. Watakata tamaa, watamtazama Shangazi kwa jicho baya, na Shangazi amejitoa mhanga kwa ajili yangu. Siwezi kumwacha aaibike. Kwa hiyo, kwa ajili yake tu, asubuhi nilikwenda sokoni nikachagua nyanya nyekundu zenye vikonyo, za ukubwa mmoja.

Nikamwomba Shangazi uzi wa kijani. Akanipa wote, akafurahi kwamba hatimaye nashona vifungo vyangu mwenyewe. Akasema ameshawaambia majirani waje kwa wingi, waone mtoto wa kaka yake alivyotulia. Akanishika kichwani, akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina.

Nimeshafunga mstari wa kwanza. Ukisimama mbali kidogo, huwezi kujua. Jumatatu nitawasimamisha mbali kidogo.