Révérien Amepata Punguzo

Jumapili, 6 Julai

Révérien amepata punguzo la serikali. Si tetesi. Ametangaza mwenyewe kanisani baada ya kwaya, ameshika maikrofoni kama mtu aliyezaliwa nayo. Paneli za sola juu ya paa. Betri ukutani, gerejini. Na mtambo mpya wa kupasha maji, unaovuta joto kutoka hewani. Sehemu kubwa ya gharama imebebwa na serikali. Mchungaji akasema tumpigie makofi. Nilipiga polepole.

Ibada ilipokwisha, nusu ya kanisa ikaja mtaani kwetu Minto kutazama betri. Nyumba yake inatazamana na yangu, kwa hiyo magari yaliegeshwa langoni kwangu. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia nyumba yangu. Mimi ndiye niliyetangulia kufika Sydney. Mimi ndiye niliyemfundisha Révérien kupanda treni ya Campbelltown, wakati ametoka kambi ya wakimbizi na koti la kuazima. Kendi, mke wangu, alisimama mbele ya ile betri muda mrefu, akiitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu harusi yetu.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwita fundi wa sola. Alipanda paani, akashuka, akasema upande wa paa langu unaoelekea jua umefunikwa na mkaratusi wa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, na mti huo haukatwi. Nikamuuliza kama jua la Révérien haliwezi kuvutwa kwa waya mpaka kwangu. Alicheka. Sikuwa natania.

Kabla ya kuondoka akanipa tumaini. Mtambo wa kupasha maji hauhitaji jua. Unaondoa tangi lako la zamani la maji ya moto, unawekewa mpya, na punguzo unapata. Nimelala nikitabasamu. Kendi aliniuliza kama ninaumwa.

Ijumaa, 11 Julai

Nilipigia simu kampuni moja. Mama aliyepokea akasema foleni ni ndefu, watu wengi wanataka. Wanaotangulizwa ni wale wasio na maji ya moto kabisa, maana ni msimu wa baridi. Akauliza kama tangi langu linafanya kazi. Nikamwambia anisubiri, nitampigia tena.

Lilikuwa linafanya kazi. Halijawahi kutusumbua hata mara moja.

Kendi alikuwa zamu hospitalini mpaka kesho yake asubuhi. Nilizima umeme, mimi si mjinga, kisha nikachukua spana. Nia yangu ilikuwa kulegeza nati moja tu. Maji ya moto yaliruka mpaka kwenye kamba ya nguo, yakalowesha upya sare za Kendi zilizokuwa zimekauka. Nilipofanikiwa kuziba bomba nilikuwa nimelowa mpaka soksi. Nikapiga simu tena, kwa sauti ya mfiwa, nikasema tangi limekufa. Watakuja Jumatano.

Halafu nikawaza: Kendi akilikuta pale ataita mtu wa kulitengeneza. Kwa hiyo nililing'oa na kulikokota hadi kando ya barabara, likae na magodoro ya watu yanayosubiri gari la taka la kaunsili. Mgongo unaniuma. Lakini nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Kendi alirudi kutoka zamu ya usiku, akaingia kuoga, akatoka upesi kuliko alivyoingia. Akauliza tangi liko wapi. Nikamweleza kuwa lilifariki na nimeshauondoa mwili. Akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaodai wamemeza dawa zao.

Binti yetu Makena alikwenda kuwaeleza majirani. Punde si punde Révérien na mkewe Anésie wakabisha hodi. Révérien akasema, "Baba Makena, maji yapo tele kwetu. Njooni muoge." Nikajibu kwamba tuko sawa. Niligeuka nikamwona Kendi ameshavuka barabara na taulo begani, Makena nyuma yake na ndala.

Mimi nilichemsha maji kwenye birika nikaoga kwa awamu. Makena aliporudi akanisimulia kwa Kiingereza, kirefu, kwamba bafu la kule maji yake hayapoi kamwe. Nilimwuliza kwa Kiswahili nani alimwomba habari.

Jumatatu, 14 Julai

Kendi sasa anaoga kwa Révérien akienda kazini na akirudi. Akirudi anabaki kunywa chai. Nimefungua dirisha nisikie wanachocheka. Sikusikia kitu, ila baridi imeingia nyumba nzima.

Anésie ametuma ujumbe kwamba hata mimi nimetengewa taulo. Nimejibu kuwa maji baridi yanasaidia mzunguko wa damu. Kazini, kwenye ghala la Ingleburn, saa ya chakula, Wekesa ninayefanya naye kazi alinusa hewa, akahamisha kiti chake. Alisema anafuata jua. Tulikuwa ndani.

Jumatano, 16 Julai

Fundi alifika na mtambo. Unang'aa. Nilitaka ashushe taratibu ili Révérien auone. Lakini kwanza akataka kupiga picha ya tangi la zamani. Bila picha hiyo, akasema, kampuni yao haiwezi kuombea punguzo. Nikamwambia liko nje.

Nje palikuwa na magodoro tu.

Nilizunguka mtaa nikiuliza. Révérien akatoka amefurahi, akatuita gerejini kwake. Tangi langu lilikuwa pale, chini ya betri yake, limepasuliwa katikati kwa urefu, limechomelewa miguu, na wavu juu. Jiko la mishikaki.

"Ndugu yangu, niliona umelitupa," akasema. "Chuma kizuri sana. Jumamosi tunachoma nyama."

Fundi akaniuliza lilikuwa na hitilafu gani. Révérien akanisaidia kujibu. Alilikagua lote kabla ya kulikata, akasema. Lilikuwa zima kabisa, ila nati moja imelegezwa.

Kendi alikuwa ametokea bafuni kwao, nywele zimefungwa taulo. Alisikia yote.

"Baba Makena, ulilifungua mwenyewe?"

Nikasema nati ilikuwa imechoka.

"Nimeoga kwa watu siku zote hizi kwa sababu ya wivu wako," akasema, bila kupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Fundi akarudisha mtambo garini. Nimelala sebuleni.

Jumamosi, 19 Julai

Kendi alinipa nafasi ya kuchagua: niende kwenye mishikaki au nihamie ghalani. Nilikwenda. Kila mtu alilisifu jiko. Mchungaji alisema hajapata kuona chuma kinachoshika moto namna ile. Nilitafuna tu.

Baadaye Révérien akanivuta pembeni. Akanisimulia juu ya kambi kule Kigoma. Mama yake alikuwa na mzigo mdogo wa kuni, na watoto wengi wa kuogesha. Sufuria ilikuwa inafika kwa wa mwisho imeshapoa. Wa mwisho alikuwa yeye. Mpaka leo, akasema, akifungua bomba la moto husimama tu, hata sabuni anaisahau. Ndiyo maana hakupata usingizi akijua kuna mtu ng'ambo ya barabara anaoga maji baridi.

"Ingia, ndugu yangu. Taulo lako liko pale."

Niliingia. Nilisimama chini ya yale maji mpaka vidole vikajikunja. Nililia kidogo, bafuni machozi hayaonekani. Nilipotoka nilimshukuru, na nilimaanisha. Kendi alinisogezea sahani yake bila kunitazama. Mtambo tutafungiwa Jumatatu, bila punguzo. Amechukua zamu za ziada.

Nimebadilika. Wivu umekwisha. Kuanzia leo nafurahia cha mwenzangu kama changu.

Jumanne, 22 Julai

Maji ya moto. Kendi ameimba bafuni. Amani nyumbani.

Saa ya chakula Wekesa alisema, hivi hivi tu, huku anamenya yai, kwamba kesho anafungiwa kiyoyozi kipya. Cha zamani kilikufa, na kuna punguzo. Kinapuliza joto na baridi, na unakiwasha kwa simu ukiwa popote. Nilimpongeza kwa moyo safi kabisa. Nikamwuliza kina ukubwa gani. Nikamwuliza rangi. Nikaomba ruhusa nitoke mapema.

Niko nyumbani. Nimepiga simu kwa kampuni nyingine, hawanijui. Kijana aliyepokea ameuliza kama kiyoyozi tulicho nacho kimeharibika. Nimemwomba anipe nusu saa.

Kendi yuko zamu mpaka jioni. Chetu kinapuliza joto zuri sana. Ninaandika haya nikiwa chini yake, mikono ya shati nimekunja. Bisibisi nimeipata. Ninachotafuta sasa ni ngazi, na ya karibu ni ya Révérien.