Malalamiko Dhidi ya Mdhamini wa Mpwa Wangu

14 Juni 1997

Kwa Mratibu,
Kikundi cha Ushauri kwa Wanaoacha Pombe,
Mkuyuni.

Ndugu Mratibu,

Natumaini u mzima, wewe na wasaidizi wako. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjomba wa Laurenti, mwanakikundi wenu. Huku milimani mjomba ndiye mwenye mpwa. Baba humzaa tu. Nalalamika kwamba mmemharibu, na naomba mnirudishie kama alivyokuwa, kabla ya tambiko la ukoo mwezi ujao.

1. Mmemfundisha kwamba ulevi wake ni "uraibu", yaani ugonjwa. Sasa ni mgonjwa anayeamka alfajiri, analima na kumaliza chakula chake. Alipokuwa mzima tulimwokota mtaroni.

2. Mmempa "mdhamini", kijana Dennis kutoka Dar es Salaam, ambaye Laurenti humweleza kila tamaa ya pombe inapomjia. Kazi hiyo ni yangu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuja kwangu, nami nilimtuliza papo hapo, bila semina.

3. Mmemwagiza aorodheshe "vichocheo", yaani watu na mahali panapomrudisha kwenye pombe. Orodha nimeiona. Kilabu ni cha tatu, gulio ni la pili. Wa kwanza ni mimi.

4. Nilimwita kumkanya. Nikamweleza kwamba mimi si mlevi. Hunywa asubuhi tu, ili mwili ukae sawa, na jioni, kwa sababu asubuhi imekwisha. Akaniamkia kwa adabu, kisha akasema polepole, "Huko ndiko kukana, mjomba," neno lenu la mlevi asiyekiri ulevi wake. Enzi za bia ya foleni nani alikana? Tulisimama hadharani, tukahesabika. Leo biashara zimefunguliwa, bia inauzwa hata kwenye duka la dawa za mifugo, nanyi ndipo mnaleta msamiati wa kutunyima.

5. Kwenye tambiko, mrithi wa jina langu hunywa kibuyu baada yangu. Laurenti anasema atakunywa togwa, kwani hata funda moja la pombe kwenu ni "kurudia". Mizimu itamtambuaje mtu asiyenuka? Labda muwaandikishe na wazee wetu waliokufa, maana wengi wao walikufa kwa kitu hichohicho.

Mkikataa, nitakwenda kwa mtendaji wa kata, tunayefahamiana vizuri kilabuni.

Nisalimie Dennis, wasaidizi wako, na wagonjwa wote wenye afya njema.

Wako katika kuitetea desturi,
Mwl. Fransisko Yohana (Mstaafu)

N.B. Tangu juzi sijanywa, ili kumwonyesha Laurenti kwamba naweza. Nimetetemeka na kutapika. Mke wangu Felista alidhani ni malaria. Laurenti amekaa nami siku zote mbili akininywesha uji kwa kijiko, wala hajatamka neno lenu hata moja. Barua hii nimeisema mimi, ameiandika yeye, bila kupunguza kitu, kwa kuwa kalamu hainikai mkononi. Tafadhali nijulishe mkutano wenu wa Jumatano huanza saa ngapi, na kama mzee wa miaka sitini na tisa anaruhusiwa kukaa karibu na mlango.